Jagi la Waokaji

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, fundi alimwogesha shemeji yake. Shemeji alikuwa mwokaji mikate hodari. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha mbele ya tanuri, na tangu hapo upande wake wa kulia haukufanya kazi. Mdogo wake, yaani mume wa fundi, alichukua nafasi yake pale pale kwenye tanuri. Kuogesha alimwachia mkewe.

Siku ya kliniki ya shinikizo la damu mume alirudi kutoka kazini, akabadili nguo, akaanza kupigana na viatu.

"Viatu vimesinyaa," alisema.

Fundi alichukua futi ya kushonea, akaizungusha kwenye kifundo cha mguu wa mumewe.

"Inchi kumi na moja. Nilipokushonea suruali zilikuwa kumi. Viatu havina kosa."

Alikwenda kliniki kwa kandambili, na fundi alifuatana naye. Muuguzi alimpima mara mbili. Shinikizo la damu lilikuwa mia na sabini na mbili kwa mia na nne.

"Mashine yenu mbovu," mume alisema. "Siku tatu sijagusa chumvi, kwa ajili ya mashine hii."

"Na siku nyingine?" fundi aliuliza.

Mume alitazama ukuta. "Siku nyingine tunakunywa jagi. Waokaji tunatoka jasho sana. Kwa hiyo kwenye jagi la maji tunatia vijiko viwili vya chumvi, kurudisha iliyotoka."

Fundi alimgeukia mumewe kwa hasira. Nyumbani alikuwa akimpikia mume huyu chakula kisicho na chumvi nyingi, naye anainywa kazini kwa jagi.

"Jasho linatoa chumvi, ni kweli," muuguzi alisema. "Lakini chakula chako kinairudisha, na zaidi. Hata mkate unaouoka una chumvi. Hiyo ya jagi inabaki mwilini. Chumvi hushika maji. Maji yakizidi, mengine huingia kwenye mishipa, damu inaongezeka na kusukuma kwa nguvu. Mengine hukaa miguuni. Ndiyo maana unavaa kandambili."

"Lakini siku tatu nimeacha."

"Mwili una ghala, baba. Chumvi nyingine hujificha kwenye ngozi. Figo huitoa kidogo kidogo. Siku tatu haziwezi kumaliza ya miaka. Acha jagi kabisa, kunywa maji matupu, na vidonge vyako vya shinikizo usiviruke hata siku moja. Rudi baada ya wiki sita."

"Nani aliwafundisha jagi hilo?" fundi aliuliza.

Mume alijibu polepole. "Kaka."

Fundi alisimama.

"Nimemwogesha kaka yako miaka miwili. Nimemgeuza, nimemlisha, nimefua shuka zake. Wewe unapita na kusema hujambo. Sasa nisikilize. Sitaogesha wanaume wawili. Ukianguka kwa sababu ya jagi, utalala hapo ulipoangukia."

Mume alitazama kandambili zake. Hata muuguzi aliinamisha kichwa.

Kesho yake fundi aliingia kwenye chumba cha tanuri na futi ikiwa bado shingoni. Waokaji wanne, wenzake mumewe, walimtazama. Alichukua jagi, akalimwaga lote kwenye mfereji, akajaza maji matupu.

"Shemeji, tutaishiwa nguvu," mmoja alilalamika.

"Aliyewafundisha hana nguvu ya kushika kikombe," alisema. "Nendeni mkapimwe, nyote."

Mumewe, akiwa na koleo la mikate mkononi, aliona aibu. Lakini alikuwa wa kwanza kunywa.

Baada ya wiki sita shinikizo lilishuka hadi mia na thelathini na nne kwa themanini na nne. Futi ilisoma inchi kumi. Viatu viliingia bila vita. Kati ya waokaji wanne, wawili walikutwa na shinikizo la juu, wakaanza dawa.

Fundi alimweleza shemeji habari hizo. Machozi yalimtoka kwa jicho moja.

"Jagi," alisema kwa shida. "Sikujua."

"Hukujua," fundi alisema. Hasira yake haikuwa imeisha, ila haikuwa juu ya shemeji.

Asubuhi iliyofuata mume alivua viatu mlangoni, akakunja suruali.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza. "Leo namwogesha mimi."

Fundi alimpa ndoo na sabuni bila kusema asante. Akaenda kukaa kwenye cherehani yake.