Upepo wa Ukumbini

Kila Ijumaa mchana mama alitupigia simu kutoka Saudia. Siku nyingine hakuwa na nafasi. Kazi yake ilikuwa kufua, kupika na kulea watoto wa watu.

"Dama mwanangu, nionyeshe ukumbi," alisema kila mara.

Nami niligeuza simu. Nilianza mlango wa mbele, nikapita katikati ya nyumba hadi mlango wa ua. Huo ndio ukumbi wetu. Huku vyumba vitatu, huku vyumba vitatu, na katikati njia ndefu ya upepo. Mama alipokuwa nyumbani alitandika mkeka hapo, akachambua mchicha, akanisuka nywele. Upepo uliingia kwa madirisha ya vyumba, ukatoka kwa milango, ukatupitia vichwani.

"Leo kuna upepo?" aliuliza.

"Upo, mama."

"Haya. Nami acha unipitie."

Nyumba yetu iko Magogoni, Mombasa. Aliijenga babu, na kuta zilikuwa zimeanza kumomonyoka. Tulibaki wawili tu, mimi na baba. Vyumba vingine vilijaa magunia na popo. Kwa hiyo mama na baba wakakubaliana kwamba mshahara wa mama utengeneze nyumba, na vyumba vipangishwe.

"Mkataba wangu ukiisha na wapangaji wamo, narudi," mama alisema. "Wasipokuwamo, nitatia sahihi tena."

Tangu siku hiyo niliomba wapangaji kama watu wanavyoomba mvua.

Baba yangu, Nguma, ni kibarua wa bandarini, kule Kipevu. Alimleta fundi Kazungu, wakasimama ukumbini.

"Hapa nafasi inapotea bure," baba alisema. "Watu wanapita tu. Tukijenga kuta, tunapata vyumba viwili zaidi. Na yale madirisha ya nje tuyafanye milango, ile ya ndani tuizibe. Kila mpangaji na mlango wake."

Kazungu alijikuna kichwa. "Na madirisha je, mzee?"

"Ya nini? Pwani watu wanakaa nje."

"Haya. Nyumba ni yako."

Nilitaka kuuliza, "Na mkeka wa mama?" Lakini kazi ilipoanza, nami nikabeba ndoo yangu ya mchanga.

Kazi ikaisha. Kwa nje nyumba ilipendeza, imepakwa rangi ya samawati. Lakini mama alipotaka kuuona ukumbi, baba alinikonyeza.

"Mwambie kamera imeharibika," alininong'oneza.

Nikamwambia hivyo. Mama akasema si kitu, ataona Ijumaa nyingine. Ijumaa nyingine nikamwambia vilevile.

Wapangaji wakaanza kuja kutazama. Alikuja Gedion, anayefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, pamoja na mkewe Vivian na mtoto wao mchanga. Vivian aliingia ndani, mtoto akaanza kulia. Akatoka akijipepea kwa leso.

"Chumba kizuri," alisema kwa adabu. Hawakurudi. Wengine nao walitazama, wakasifu rangi, wakaenda zao.

Jirani yetu, Mama Valarie, ana vyumba vya kupangisha, na havikai wazi. Jina lake hasa ni Philister. Baba alimwita uani.

"Mama Valarie, hawa wapangaji umewafanyia dawa gani? Wote wanakimbilia kwako."

"Dawa yangu ni dirisha," alicheka. "Hebu nione vyumba vyako."

Alisimama katika chumba kimoja, akapangusa uso.

"Mna joto, Baba Dama."

"Ah, wewe mtu wa bara. Joto la Mombasa hujalizoea bado."

"Kumbe! Haya, wewe mzaliwa, ingia tukae. Dama, ingia nawe, watu wasije wakazusha maneno. Funga mlango."

Nilifunga. Ilikuwa saa sita mchana. Tulikaa gizani kwenye ndoo tulizopindua. Mwanzo baba alipiga soga. Kisha akafungua vifungo vya shati.

"Dama, fungua," alisema.

"Bado," Mama Valarie akasema. "Mpangaji atakaa humu usiku kucha, na mtoto."

"Nimesema fungua!"

Tulitoka. Shati la baba lilikuwa limemgandama mgongoni. Mama Valarie alimpa maji, akangoja anywe.

"Hewa inataka pa kuingia na pa kutokea," alisema. "Hapa dirisha liliiingiza, na ukumbi uliitoa. Umeziba kote kuwili. Nguo zitaota ukungu humo. Mmoja akiwa na kifua kikuu, wenzake watavuta hewa ileile. Na siku ya mvua, mtu atawasha jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa yana hewa ya sumu. Huioni, hainuki. Mtu analala, haamki."

Baba aliinamisha kichwa.

"Na kutoboa kuta kuukuu, uliuliza nani? Paa limekaa juu yake. Kuna ofisi ya ujenzi ya kaunti. Mtu huenda huko kwanza, wakague, wampe kibali, ndipo ashike nyundo. Hata mimi nilianza hivyo."

"Nimesikia, jirani. Lakini saruji imeshakwenda. Mkataba wa Mama Dama unaisha. Nikibomoa, nitamwambia nini?"

"Mwambie ulivyofanya. Nyumba ni yake pia."

Ijumaa ikafika. Mama alionekana amechoka.

"Dama, leo nionyeshe hata kidogo. Wiki hii wanataka nitie sahihi."

Nilimtazama baba. Hakunikonyeza. Nikageuza simu. Niliingia mlango wa mbele, na hapohapo nikafika ukutani.

"Ukumbi umekwenda wapi?" mama aliuliza.

Nilizunguka nje, nikaingia katika chumba kimoja.

"Fungua dirisha, mwanangu. Sioni."

"Hakuna dirisha, mama."

Mama naye akageuza simu yake. Siku zote tuliona uso wake tu, na ukuta mweupe nyuma yake. Sasa tuliona godoro jembamba katikati ya maboksi ya sabuni. Ilikuwa stoo. Haikuwa na dirisha.

"Hapa ndipo ninapolala," mama alisema. "Nikifunga macho, naupita ule ukumbi polepole mpaka uani, ndipo napata usingizi. Nguma, mume wangu, nimetoka jasho huku, ukanijengea chumba hikihiki?"

Baba alinyoosha mkono, akachukua simu.

"Usitie sahihi, Kafedha."

"Na wapangaji?"

"Vyumba nitavitengeneza. Usitie sahihi. Rudi."

Jumatatu baba na Mama Valarie walikwenda kaunti. Mkaguzi akaja. Alituonyesha kuta zinazobeba paa, na sehemu za kutiwa nguvu. Kibali kilipotoka, Kazungu akabomoa ukuta wa ukumbini. Tundu la kwanza lilipofunguka, upepo ukaingia na kumrushia vumbi usoni.

"Lo! Kumbe ulikuwa unangoja mlangoni!" alisema, akipiga chafya.

Madirisha yalirudi mahali pake, na nyavu za mbu juu yake. Milango ikafunguliwa ukumbini, kila mmoja na komeo, na juu ya kila mlango matundu ya hewa. Uani tukajenga jiko lenye paa, ili asipikwe mtu chumbani pamoja na chakula chake, kama alivyosema Mama Valarie. Vyumba vilikuwa vichache kuliko baba alivyotaka. Lakini Vivian alirudi kutazama, na mtoto akasinzia begani kwake. Wakahamia. Kisha vyumba vingine navyo vikapata watu.

Mkataba ulipoisha, mama alifika mchana. Aliweka begi mlangoni, akavua viatu. Vivian alikuwa ukumbini akichambua mchele, na mtoto amelala juu ya mkeka.

"Karibu mama, keti hapa," Vivian alisema, akitaka kumwinua mtoto.

"Usimwamshe. Panatosha."

Mama alikaa pembeni, akaegemea ukuta, akafunga macho.

"Dama, leo kuna upepo?"

"Upo, mama."

Nilisimama pale nikiogopa kusogea. Niliona kama akiyafumbua macho yale, atajikuta kule kwenye maboksi ya sabuni.

Akayafumbua. Alinitazama uso, kisha nywele.

"Nani anakusuka hivi?" aliuliza. "Lete kitana."