Mfupa Ulioalikwa Kula

Asubuhi Kaltumi alifungua friji ya maabara, akakuta kichupa ni kitupu tena. Hakikumwagika wala kuvunjika. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vilevile alivyokiacha, na ndani mlikuwa mkavu, safi, kama sahani iliyorambwa na mtoto.

"Banange, jamani! Hii kitu imeisha tena?" alisema Tarcisio, mwenzake wa maabara. "Nyabo, bibie, nani anakula hii mifupa yako?"

"Usinichekeshe, Tarcisio. Leo nitang'ata mtu."

Na nani angemlaumu? Mifupa ilitoka katika kaburi la kale, ya mtu mzima asiyejulikana jina, na shahada yake yote ilisimama juu ya swali moja: mtu huyu alikuwa akila nini? Unakata kipande, unakiloweka kwenye asidi mpaka ugumu wote uyeyuke, kinabaki kitu laini kama mpira. Hicho ndicho mashine inachosoma. Mla samaki hujulikana, mla nyama hujulikana. Hata mtoto anayenyonya hujulikana, maana nitrojeni yake hupanda kuliko ya mama yake. Kwa hesabu ya mashine, anamla mama. Basi kile kitu laini ndicho kilichotoweka kila mara, na sasa mfupa ulibaki kipande kimoja. Kikienda hicho, shahada nayo imekwenda.

Halafu maabara nzima ikawa na harufu ya maziwa yaliyochacha! Alideki, akadeki tena, haikutoka.

Jioni alipompitia binti yake mchanga, Nuriat, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanawetu, huko Kisenyi, aliyatoa yote kwa hasira. Mama huyo, ambaye watu wa mtaa humletea wagonjwa wao wa majini awasomee, alimsikiliza huku akimbembeleza mtoto.

"Chakula cha mchana unakula wapi, mwanangu?"

"Palepale mezani. Chapati na maharage. Muda wa kutoka nitautoa wapi?"

"Mbele yake?"

"Mbele ya nani, mama? Ule ni mfupa!"

"Mfupa una mwenyewe, na mwenyewe ana njaa. Kutwa unamuuliza alikula nini, kisha unakula mbele ya macho yake bila hata kumwambia karibu." Bi Mwanawetu alishusha sauti. "Mwekee chakula. Kitaje kwa jina, umkaribishe hicho tu. Kisha mwambie ameshiba, aende zake. Usiruke neno."

Kesho yake umeme ulikatika, muuza chapati hakuonekana, na Tarcisio alisimama mlangoni akicheka. Kaltumi alichoka na kila kitu. Alikitazama kile kipande cha mwisho, akafoka.

"Haya, karibu! Kula chochote nilicho nacho, uniache nifanye kazi yangu!"

Tarcisio aliacha kucheka. Harufu ya maziwa ikakatika ghafla, na katika ule ukimya Kaltumi akasikia, si kutoka kwenye friji wala mezani bali karibu kabisa na kifua chake, ndani ya nguo ambamo hapakuwa na kitu, sauti ndogo ya mdomo unaonyonya, polepole, bila haraka, kama wa mtu aliyengoja miaka mingi na sasa hana tena sababu ya kuharakisha.

Kipande hakikupotea. Kilikauka vizuri, kikaingia mashineni. Lakini wiki hiyohiyo maziwa ya Kaltumi yalipungua, kisha yakakauka kabisa, na jioni moja, nyumbani kwa Bi Mwanawetu, Nuriat alikuwa akilia na kulisukuma titi la mama yake, ndipo simu ilipoita.

"Kaltumi," Tarcisio alinong'ona, "hii mashine sijui ina nini. Huyu ni mtu mzima, meno yote iko. Lakini inasema ananyonya. Nimerudia, na sasa nitrojeni imepanda kuliko mara ya kwanza."

Simu ilimponyoka. Bi Mwanawetu alimtazama usoni, akaelewa.

"Ulimkaribisha chakula gani, mwanangu?"

Kaltumi alijishika kifua. Nuriat alikuwa amenyamaza kwa kuchoka, lakini sauti ya kunyonya ilikuwa bado inaendelea.