Mlango Uliotoa Jasho Jeusi

Asubuhi ile Mwaisha alikuwa uani kwake Mgeta, akiosha karoti za kupeleka sokoni. Ukungu ulifunika mlima wote. Nyuma yake ulikuwepo mlango wa mbao za mninga, kazi ya marehemu mumewe, Halidi.

Jua lilipotoka, mlango ukaanza kutoa jasho. Lilikuwa jasho jeusi. Liliteremka polepole na kuacha michirizi.

Ndipo mama mkwe wake, Bi Hidaya, alipofika. Alisimama ghafla.

"Mwanangu analia," alinong'ona. "Mimi siingii humo. Mlango huo uchomwe leo."

"Mama, nichome kazi ya Halidi? Ndiyo aliyoniachia!" Mwaisha akaangua kilio.

Mara bawaba zikalia. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu. Ndani hamkuwa na mtu. Labda ulikuwa upepo, lakini mimi ningekimbia.

Jirani yao Gabrieli, fundi seremala, alisikia kilio akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiuguse huo!"

Gabrieli alichovya kijiti kwenye lile jasho, akanusa. "Mwaisha, ulipaka nini hapa?"

"Oili chafu. Nilimwomba dereva wa lori la kabichi. Niliogopa mchwa wataula."

"Basi ndiyo hiyo inayotoka. Oili ya injini haikauki. Jua likipiga, inachuruzika. Inaficha sura ya mbao, tena ina sumu. Usiishike kwa mikono mitupu."

"Nimeshauharibu?"

"Bado. Haijazama sana."

Bi Hidaya hakusadiki. Aliondoka bila kugeuka nyuma.

Gabrieli na Mwaisha walivaa glavu na barakoa. Fundi akapiga randa, kisha msasa, akifuata mistari ya mbao. Akabandika karatasi juu yake, juani, aone kama oili bado inatoka. Karatasi ikalowa mafuta. Akapiga randa tena, mpaka karatasi ikabaki safi.

"Haya maranda yasiende jikoni," alionya. "Moshi wake ni mbaya."

Kisha akafungua kopo. "Hii ni vanishi ya maji, ya nje, isiyo na rangi. Vanishi nyingi za mafuta huleta umanjano. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao."

Mwaisha alijaribu. Rangi ya mninga haikubadilika sana. Akapaka mlango kwa wepesi, pande zote na kingo zake. Ulipokauka, akapitisha msasa laini, akafuta vumbi, akapaka tena.

Bi Hidaya alipoitwa, ukungu ulikuwa umerudi. Mlango ulikuwa mwekundu wa kahawia, na kila mstari wa mbao ulionekana. Alisogea kwa woga. Akaupapasa kwa kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Hivi ndivyo alivyouacha," alisema, machozi yakimlengalenga.

Kisha akainamisha kichwa. "Hodi, Halidi."

 Bi Hidaya akavua kandambili, akaingia.