Mahali ya Estelle Imelipwa

Jioni ile nilikuwa nafagia nywele sakafuni ili nifunge saluni niende kununua mkaa. Saluni yangu iko Kamwokya, hapa Kampala, chumba kimoja nyuma ya duka la simu. Mama yetu alikuwa amekufa mwezi wa nne. Huu ulikuwa mwezi wa saba, na tangu tumzike sikuwa nimelia wala kupata usingizi wa maana. Nilisuka watu, nikala, nikarudi nyumbani Kisugu, nikajilaza macho wazi hadi asubuhi. Watu walisema Marlène ana moyo mgumu. Ungekuwa mgumu ningefurahi. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Mwanamke mmoja akaingia bila kubisha. Gauni refu la kahawia, viatu mkononi. Akavua kilemba na kuomba nimsuke mtindo wa twende kilioni, mistari minne tu.

Nilipopitisha kitana, mchanga ukamwagika.

Sss... ukashuka mabegani mwake, ukaenea sakafuni. Nikapitisha tena, ukamwagika tena. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilichukua ufagio.

"Una mdogo wako wa kike?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ninaye. Estelle."

"Tumbo moja?"

"Moja."

"Mama yupo?"

"Alikufa."

"Na baba?"

"Kaburi yake iko Bukavu."

"Basi anayemsemea ni wewe."

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akaniachia kadi. Hoteli ya Jangwani, kwenye barabara ya kuelekea ziwani. Ofa maalum: dada wawili wa tumbo moja, mmoja alipe, mwingine bure, usiku mmoja.

Estelle ana miaka kumi na tisa. Nilimvusha mpaka tukitoka Bukavu, akiwa na miaka kumi, kamba ya kiuno changu imefungwa kwenye mkono wake ili tusipotezane. Alipoiona ile kadi akaruka, akaniita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu.

"Yaya, tuende! Usiku moja tu. Tangu mama akufe hata kucheka huchekake. Uko hapa, lakini hauko."

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nikasema sawa.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo kuhusu masikio yangu. Kamwokya watu wengi wanachanganya *l* na *r*. Mteja akisema anataka kurara, najua ana usingizi. Akisema kalibu, najua nimekaribishwa. Mwaka niliofika, jirani aliniambia anaenda kupiga kula, nami nikamwuliza anaenda kula nini. Walinicheka mtaa mzima. Baada ya miaka tisa, masikio yangu yanarekebisha kabla sijafikiri, na nilikuwa najivunia hilo.

Tulifika Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Nje ya ukuta kulikuwa na mafunjo na vyura wanapiga kelele. Ndani, jangwa. Walikuwa wamefukia kinamasi chote kwa mchanga wa malori, wakasimamisha mahema, wakaweka na ngamia wa saruji aliyemomonyoka pua. Estelle akakimbia kupiga naye picha. Nikavuka geti, na kelele za vyura zikakatika palepale, mara moja. Harufu ya ziwa nayo ikaisha. Kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa leo. Niliijua tangu mwezi wa nne.

Mapokezi nilimkuta yule mwanamke. Mistari yangu minne kichwani.

"Karibu, Marlène. Usiku wako umeulipia." Akaniangalia bila kupepesa. "Mahali ya mdogo wako imeshalipwa. Unakubali?"

"Nakubali."

"Mahali ya Estelle imelipwa. Unakubali?"

"Nimesema nakubali."

Akainama mpaka nikasikia pumzi yake. Ilikuwa kavu, haina joto wala baridi.

"Imelipwa. Wewe unayemsemea, unakubali?"

"Nakubali, dada. Tupe ufunguo."

Nilidhani ni mambo ya ofa. Siku hizi hata ukinunua laini ya simu wanakuuliza mara tatu kama unakubali. Sikuuliza kitu kimoja tu, ambacho mtoto mdogo angeuliza: imelipwa na nani?

Akatoa blanketi zito la kahawia, akaliweka mikononi mwangu kwa mikono yake miwili.

"Hili ni blanketi la mama," akasema. "Hapa kuna baridi."

Kampala kila mwanamke ni mama, hata muuza nyanya anakuita hivyo. Nikashukuru.

Saa tatu nilikuwa kitandani. Nilijifunika lile blanketi, na nikalala. Sijui niseme vipi. Nililala kama nilivyokuwa nalala utotoni, mama akiwa chumba cha pili anakohoa. Sikuota. Sikugeuka.

Niliamka kunapambazuka. Kitanda cha Estelle hakikuwa kimeguswa.

Nilimkuta nje ya hema, amekaa mchangani, miguu imezama hadi vifundoni. Kando yake palikuwa na shimo la mtu mwingine aliyekuwa amekaa, na mashimo mawili ya miguu, makubwa. Mchanga ulikuwa bado unaporomoka kuyajaza.

Sss...

"Yaya, umelala muzuri?" Alikuwa anapangusa mchanga mdomoni.

"Ulikuwa na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

Hakuwa anadanganya. Namjua akidanganya.

Tukabeba mifuko. Lile blanketi nililikunja chini ya kwapa, sijui kwa nini, mkono tu ulilichukua. Getini kulikuwa na mlinzi, mzee Odyek, polisi mstaafu kutoka kaskazini. Estelle alikuwa ametangulia kutafuta pikipiki. Mzee akaliangalia blanketi, akavua kofia.

"Mama, hio si ya hoteli. Nani alikupa?"

"Dada wa mapokezi."

"Mapokezi iko Kamis, na Kamis ni mwanaume." Akashusha sauti. "Alisema nini? Sema vile alisema."

"Kwamba mahali ya mdogo wangu imelipwa."

Mzee akageuka kuangalia mapokezi. Kisha akanong'ona:

"Alisema mahali... ama mahari?"

Nikayarudia maneno yake yote kichwani. *Karibu. Marlène. Imelipwa.* Yule mwanamke hakuwa amechanganya herufi hata moja, tangu siku ile saluni. Na kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka, mtu hawezi kusema mahali *imelipwa*. Angesema pamelipwa. Ni masikio yangu yaliyomrekebisha mtu asiyekosea.

Na blanketi la mama... Kwetu Bukavu, mahari haikamiliki bila blanketi la mama wa binti. Mama akilipokea, mtoto ametoka. Mama akiwa hayupo, linapokelewa na anayemsemea.

"Mchanga walichimba huko ziwani," mzee akasema. "Watu wa kule walisema usichimbe, iko na mwenyewe. Hawa wakachimba. Mimi najua hio tu. Mama, umelalia?"

"Nini?"

"Blanketi. Kama hujalalia, rudisha. Weka chini, sema umekataa. Kama umelalia, mambo imeisha."

Nilipaswa kusema ukweli. Labda alikuwa anajua njia nyingine. Lakini niliona aibu, maana ule ndio usingizi pekee niliokuwa nimepata kwa miezi mitatu, na nilikuwa bado nausikia mwilini, mtamu.

"Sijalalia," nikasema.

Nikaliweka mchangani, nikatamka kwamba nimekataa. Hakuna kilichojibu. Tukapanda pikipiki.

Tulipofungua mlango Kisugu, blanketi lilikuwa juu ya kitanda changu, limekunjwa vizuri.

Sikumwambia Estelle. Nilijidai namkinga asiogope. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na kumwambia kungetaka moyo ulio hai. Kila asubuhi shuka zake zilikuwa na mchanga. Akilalamika nasema ni vumbi la barabara. Nilikuwa nafagia, naenda kazini, narudi. Na usiku, Mungu anisamehe, nilikuwa najifunika lile blanketi.

Ijumaa iliyofuata, giza likianza kuingia, nilikuwa namenya ndizi. Estelle yuko uani anaoga. Kelele za mtaa zikakatika, redio ya jirani, watoto, mbwa, vyote kwa pamoja.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Naijua.

Nikaacha kisu. Mgeni haingii asipokaribishwa, hilo najua, na pengine wao pia wana sheria zao. Nikajiambia, Marlène, nyamaza. Nyamaza tu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne moyo ulinidunda. Nilimtaka mdogo wangu. Nilimtaka kuliko usingizi.

"Hodi."

Nikauma ulimi. Chini ya mlango mchanga ulikuwa unaingia, mwembamba, bila upepo.

"Hodi..."

Mlango wa uani ukafunguka. Estelle, kanga kifuani, maji yanamtiririka shingoni, ananishangaa.

"Yaya, mutu anabisha na hauitikie? Mama alitufundisha vile?"

Nikanyoosha mkono nimzibe mdomo. Sikufika.

"Karibuni!" akaita.

Alifungua mwenyewe. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeona anayemfahamu. Kisha palikuwa na uwazi wa mlango tu, yeye hayupo, na redio ya jirani ikaendelea na wimbo wake katikati.

Polisi wameandika kwamba ni msichana mkubwa, huenda ameolewa. Nilipoenda Jangwani, Kamis alinikaribisha kwa heshima. "Kalibu mama, mahari iko mingi," akasema, akinionyesha mahema matupu. Mzee Odyek aliacha kazi.

Nimejaribu kulichoma blanketi. Nimelitupa mtaroni Nakivubo. Jioni nalikuta kitandani, limekunjwa. Sasa sihangaiki tena. Nafagia mchanga mlangoni, nafunga, najifunika.

Nalala vizuri sana.