Kasuku Aliyenyamaza

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti wa miaka saba asiyejua kufunga mdomo. Alisimulia akisukwa nywele, alisimulia akiosha vyombo. Baba yake, seremala, alimpachika jina la Kasuku.

Seremala alikuwa mmoja wa wazazi walioanzisha shule ya ushirika. Shule hiyo haikuwa na tajiri anayeimiliki. Wazazi walichagua kamati, wakaajiri walimu na kufagia madarasa kwa zamu. Watoto wa mataifa mbalimbali walisoma kwa Kiswahili asubuhi na kwa Kiingereza mchana. Madawati yote aliyatengeneza seremala huyo. Kabla mwaka haujaisha, aliugua, akafariki.

Baada ya mazishi Kasuku alinyamaza. Mama yake alidhani ni msiba tu. Lakini miezi minne ilipita, na hata darasani mtoto alijibu kwa kutikisa kichwa.

"Nilisema mapema," wifi yake alimwambia mama huyo. "Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Shule gani hiyo, muuza samaki anaajiri mwalimu?"

Maneno hayo yalimwingia fundi. Akaanza kuchunguza. Aliona kinamama wawili wa zamu wakikatiza mazungumzo alipopita. Mtoto wa mwenyekiti wa kamati alipewa shairi la kusoma mbele ya wageni. Kasuku aliketi nyuma. Fundi akajisemea kwamba mume wake alipokuwa hai waliheshimiwa. Sasa nani amjali mjane? Akaapa kwamba kama mtoto anaonewa, atamhamisha.

Alimfuata mwenyekiti kwenye kiwanda chake cha mikate. Akamwambia anataka kuingia darasani bila mwalimu kujulishwa. Alingoja visingizio.

"Ingia hata leo," mwenyekiti alisema, akijipangusa unga. "Wewe ni mwanachama, dada yangu. Shule ni yako."

Jibu hilo lilimzidishia shaka. Mlango ukifunguliwa upesi hivyo, alifikiri, cha kufichwa kimeshafichwa.

Alikaa nyuma ya darasa siku tatu. Mwalimu alimwuliza Kasuku kwa upole na kumngoja. Hakuna aliyemcheka. Siku ya tatu, watoto walipotoka, fundi alisimama mlangoni mbele ya mwalimu.

"Mmemfanya nini mwanangu?"

"Na mimi nilitaka kukuuliza, Mama Kasuku. Nyumbani mnaongea lugha gani?"

Fundi alijibu kwa fahari kwamba ni Kiingereza. Tangu mazishi alikuwa amepiga Kiswahili marufuku ndani ya nyumba. Alitaka mtoto awafikie wenzake, jasho la marehemu lisipotee bure.

"Na Kiingereza chako kikoje?"

"Cha kuombea maji."

Mwalimu alitabasamu kidogo. "Basi na mtoto anaweza kuomba maji tu. Huzuni yake ataisema kwa lugha gani?"

Akamweleza taratibu. Mtoto anayejifunza lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa miezi, akisikiliza. Hilo si ugonjwa. Lakini lugha ya nyumbani asinyang'anywe, maana juu yake ndipo lugha ya pili hujengwa.

"Kiingereza tuachie sisi," alisema. "Wewe zungumza naye kwa lugha unayoimudu. Msimulie, mwulize, mjibu."

Fundi hakuamini. Alihisi wanamtupia yeye kosa lao. Hata hivyo, jioni ile, akipima kitambaa, alimwita mtoto kwa Kiswahili aje ashike ncha ya pili.

Kasuku alitazama mlango, kama anayeogopa kusikiwa.

"Mama, ruhusa?"

"Ruhusa, mwanangu."

Mtoto alishika kitambaa kwa mikono miwili. "Baba aliumia sana?"

Miezi minne swali hilo lilikuwa limekaa kifuani mwake. Mama alimjibu. Likaja la pili, na la tatu. Kitambaa kikaanguka, wala hakuna aliyekiokota.

Wiki mbili baadaye Kasuku alizungumza katika darasa la asubuhi. Muhula uliofuata alijibu kwa Kiingereza pia.

Kwenye mkutano mkuu fundi alisimama. Alikiri kwamba alimshuku kila mtu isipokuwa nafsi yake. Akaomba iwekwe kanuni: kila mzazi mpya aambiwe asiikataze lugha ya nyumbani. Mzazi mmoja aliuliza kama kuna mama anayeweza kweli kuikataza.

"Yupo," Kasuku alisema kutoka kwenye benchi la watoto. "Mimi alinikataza hata kuota kwa Kiswahili."

Watu walicheka, na mama yake akacheka nao. Kisha mikono yote ikanyooka, kanuni ikapita.