Nyuma ya Mtu wa Mwisho

Asubuhi ya mashindano ya baiskeli, uwanja wa Toural hapo Guimarães, kaskazini mwa Ureno, haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Mabasi ya timu yalikuwa yamebanana, mafundi wanajaza upepo magurudumu, wazee wanagombania kofia za bure. Katikati ya vurugu hizo Marília alikuwa akijaribu kurudisha nyuma gari lake jeupe bila kumkanyaga mtu. Alipotupa jicho kwenye kioo cha pembeni akaona baiskeli imeegemezwa mlangoni, na mwenyewe ameinama anafunga kiatu kana kwamba yuko sebuleni kwao.

"We kaka! Toa baiskeli yako hapo!"

Kijana akainua kichwa. Alikuwa mwembamba, jezi ya kijani imembana, jua limemchoma mikono hadi pale mkono wa jezi ulipoishia. "Nimekukwaruzia rangi?"

"Rangi si hoja. Hujui hili ni gari gani?"

Akatazama juu, akauona ufagio wa vijiti uliofungwa nyuma ya gari. Wenzake walikuwa wameshaanza kuangua kicheko. Gari la Ufagio hutembea mwisho kabisa wa mashindano, likiokota walioshindwa, na waendesha baiskeli hawaligusi asubuhi hata kwa kidole. Wanaamini aliyeligusa asubuhi atalipanda kabla ya jioni.

"Basi nimeshajiwekea kiti," kijana alisema. "Unanipa kipi?"

"Cha nyuma, ulale na baiskeli."

"Na cha mbele?"

"Cha mbele ni cha Bwana Amadeu, msimamizi. Mwombe mbadilishane. Ila uchelewe kidogo, bado hajanywa kahawa."

Alikuwa anaitwa Hélder, mtu wa Alentejo kule kusini kwenye nchi tambarare, na milima ya kaskazini ilikuwa inamtoa roho. Jioni alimfuata Marília hadi alipoegesha. "Nimekuja unione. Sikupanda gari lako."

"Nimekuona. Nimetazama mgongo wako siku nzima, nikifumba macho bado nauona."

"Na umeuonaje?"

"Umechoka. Kaoge."

Hapo ndipo simu zilipoanza. Hélder alikuwa akipiga kutoka hoteli za pembezoni mwa miji, amelala chali, miguu ameiegemeza ukutani ili damu ishuke.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyuma yako. Mimi huwa wapi kwingine?"

"Leo nimebeba maji ya watu mpaka jezi imekuwa kisima."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Timu ilikuwa na nyota mmoja, Fausto, na wengine wote walikuwa watumishi wake. Walimchotea maji, walimkinga upepo, na gurudumu lake likiharibika walimvulia la kwao wakabaki barabarani. Marília aliwahi kumuuliza, "Na wewe utashinda lini?"

"Mimi nilishashinda. Pale Toural."

"Mwongo mkubwa we!" alimjibu, na usiku ule alilala akitabasamu, maana alimpenda kupita kiasi na hakujali nani ajue.

Aliyejali alikuwa baba yake, mzee Lourenço, aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha visu na sasa alikaa Mesão Frio, nje kidogo ya Guimarães, kando ya barabara ya Fafe, akiwatolea watu kasoro. Mara mbili Hélder aliahidi kwenda kujitambulisha, na mara zote mbili timu ikampeleka kwingine.

"Mtu wa Alentejo!" mzee alikuwa akisema. "Huko hata saa za ukutani hulala mchana. Tena kazi yake kumbebea mwanamume mwenzake maji! Nampa nafasi moja ya mwisho. Asimame getini kwangu mbele ya watu, nimwone. Asiposimama, jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Mwaka uliofuata mashindano yalipangwa kupita kwenye geti hilo hilo. Na waendesha baiskeli wana desturi yao: njia ikipita nyumbani kwa mmoja wao, naye akawaomba wenzake, siku ikiwa tulivu kundi zima hupunguza mwendo na kumwacha atangulie. Hufika kwao, akashuka, akambusu mama yake, akala chochote, kisha akapanda tena wenzake wakifika. Kwao Hélder mashindano yale hayafiki kabisa. Kwa hiyo aliomba ruhusa ya ukweni.

"Wamekubali wote," alimwambia Marília kwa simu asubuhi ile, na sauti yake ilikuwa ya mtoto siku ya sikukuu. "Wamecheka mpaka wamekohoa. Hata Fausto amesema nenda. Mwambie baba avae tai."

"Na timu yako?"

"Timu wanataka nimalize tu. Mdhamini mpya anachukua watu wachache, na atakayeshindwa kumaliza leo asisubiri simu yake. Nitamaliza. Nitashuka, nitamshika baba mkono, nitasema ninachotaka kusema, nitapanda. Usicheke."

"Sicheki. Naogopa."

Alasiri, Marília alikuwa nyuma sana, amecheleweshwa na Mhispania aliyeanguka. Simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Amepita," mama alisema.

"Amepita vipi? Hajasimama?"

"Amepita kama hatujui! Wenzake wameshaondoka zamani, yeye anakuja nyuma ya magari, kichwa chini, mbio. Shangazi zako wameshika keki, majirani wote wako nje. Hakugeuka, mwanangu. Hata mkono hakuinua."

"Baba anasemaje?"

"Baba yako ameingia ndani, anavua tai."

Marília alikata simu. Alipofika pale getini aliona meza imetandikwa kitambaa cha harusi ya wazazi wake, mvinyo haujafunguliwa, mama amekaa peke yake. Hakuweza kusimama, kwani gari lile halina ruhusa ya kusimama ila kwa aliyeshindwa. Alipunga mkono akapita, machozi yanamtoka, na Bwana Amadeu akajifanya anasafisha miwani.

Mtu wa mwisho walimkuta kwenye mlima wa Penha, ambako mbio zingeishia kileleni, barabara ilipoanza kujipinda kati ya mialoni na mawe makubwa, moshi wa nyama za kuchoma umetanda na watu wamejipanga pande zote. Alikuwa amevaa jezi ya kijani. Mgongo ule Marília aliujua.

Akashusha kioo. "Hélder!"

Hakugeuka.

"Nakuita wewe!"

"Naona... umefika."

"Umepita nyumbani kwetu kama mwizi! Baba amevaa tai kwa ajili yako, wewe unapita!"

"Sasa... si wakati, Marília."

"Wakati upi basi? Unakwenda mwendo wa bibi harusi, nafasi ya kusema unayo tele!"

Bwana Amadeu akakohoa. "Binti, hairuhusiwi kumsaidia mshindani."

"Simsaidii. Namgombeza."

Mzee Amadeu alifikiri kidogo. "Kugombeza sijakuona kwenye sheria," alisema, akaegemea kiti.

Watu wa kandoni walikuwa wanasikia kila neno. Mama mmoja mwenye soseji mkononi akawa anatembea sambamba na gari. "Kafanya nini huyu?"

"Aliahidi kusimama kwa baba yangu kuniposa, akapita!"

"Aaa! Basi afie hapo hapo!"

"Msikilizeni kwanza kijana wa watu!" mwanamume mmoja alipiga kelele kutoka kwenye jiko lake. "Dada, msamehe!"

"Usimsamehe! Kwanza amalize mlima!"

Hélder alikuwa anasukuma pedeli kwa uzito, baiskeli inayumba kushoto na kulia. Alianza kusema, pumzi zikimkata.

"Gurudumu la Fausto... lilipasuka. Karibu na kwenu, kundi lilikuwa limeshaniachia njia. Nikamvulia langu."

"Ungesema!"

"Nimwambie nani? Nilibaki barabarani na baiskeli ya gurudumu moja mpaka gari letu likaja. Kumbe huko mbele wengine wameshaanza mashambulizi, wanachomoka kumwacha. Naambiwa kwenye redio, njoo, njoo, Fausto yuko peke yake kwenye upepo. Ningesimama... jezi ya njano, ya anayeongoza, ingekwenda. Nilimkinga mpaka chini ya mlima, miguu ikaisha."

"Ungeinua mkono tu, Hélder! Mkono mmoja tu!"

Alipanda kona nzima kichwa chini. 

"Baba yako nilimwona," alisema mwishowe. "Na tai yake. Nilikuwa nalia, Marília. Ningegeuka angeniona."

Hasira yote ikamwishia Marília mwilini, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alitaka kuruka nje amsukume. Alitaka kumpa chupa ya maji iliyokuwa kati ya miguu yake. Badala yake alishika usukani, akamfuata taratibu kwa gia ya kwanza, akimtazama mtu wake anakwisha mbele ya macho yake.

"Bwana Amadeu, fumba macho kidogo tu. Nakuomba."

"Nikifumba, nitakuwa nimekuja kufanya nini?"

Jamaa mmoja mwenye tumbo kubwa alimsogelea Hélder amsukume. Amadeu akatoa kichwa dirishani. "Ukimgusa namtoa!" Jamaa akarudi nyuma, na watu wakamzomea mzee, naye akazomewa bila kupepesa macho.

Redio ya upepo ikakoroma. Fausto amemaliza, jezi ya njano ni yake. Mlimani kukalipuka shangwe. Bwana Amadeu akatazama saa yake, akaitazama barabara iliyobaki, akaitazama tena saa.

"Amepitwa na muda wa mwisho wa kufika, binti. Hata angekuwa na mbawa."

"Tumwache tu afike juu."

"Polisi wanafungua barabara. Mpigie honi."

Marília hakuipiga. Mzee ndiye aliyenyoosha mkono akaibonyeza, mara moja, kwa upole. Hélder akasimama, akabaki amekanyaga ardhi kwa mguu mmoja, kichwa kimeinama. Bwana Amadeu alishuka, akavua kofia kama kawaida yake kila anapomvua aliyeshindwa namba. Alianza kuhangaika na pini za namba mgongoni mwa kijana, kisha akamgeukia Marília.

"Njoo wewe. Macho yangu hayazioni."

Akaja. Jezi ilikuwa imelowa chapachapa, na chini yake mgongo ulikuwa unatetemeka. Alitoa pini moja moja asimchome.

"Nisamehe," alisema.

"Mimi ndiye wa kusamehewa. Mwambie baba..." Hakumaliza. "Mwaka ujao sina timu. Sina kitu."

"Panda twende, mpenzi. Kaa mbele. Bwana Amadeu atakaa nyuma."

"Sipandi."

"Hélder, nakuomba."

"Nikifika juu ndani ya gari hili, nitakuwa nimefika hivyo maisha yangu yote. Nenda. Usichelewe kazini."

Polisi wa pikipiki alikuwa anawapungia waende. Gari la Ufagio halimsubiri mtu asiye na namba. Akishaivua ni raia tu na baiskeli yake. Marília akaendesha. Kwenye kioo alimwona amekaa juu ya jiwe, mikono magotini, magari ya watu yameanza kumpita. Halafu kona ikamficha, na yeye hakuwa na la kufanya ila kubadilisha gia.

Juu, mbele ya kanisa, Fausto alikuwa amekumbatia maua. Alimshukuru mdhamini, akamshukuru mama yake. Marília aliegesha, akampigia Hélder. Akaisikia simu inaita hatua chache tu kutoka hapo, ndani ya basi la kijani la timu, Hélder alikokuwa ameiacha asubuhi. Akapiga tena, makusudi, ili angalau asikie kitu chake kikilia.

Alitaka kuteremka amtafute, lakini baiskeli za walioshindwa zilikuwa bado garini na wenyewe wanangoja. Alikuwa anashusha moja simu ilipolia. Safari hii alikuwa baba yake, ambaye huwa hapigi simu hata mtu akifa.

"Yuko hapa," mzee Lourenço alisema.

"Nani, baba?"

"Nani mwingine? Nani anatembea na kaptula ya kubana mchana kweupe mtaani kwetu? Amekuja na baiskeli yake, hana namba. Mama yako alikuwa ameshaondoa kitambaa mezani, ikabidi akitandike tena."

Marília alikaa chini palepale, kwenye ukingo wa barabara. "Amesema nini?"

"Amesema samahani. Halafu akasema hana kazi. Nikamwambia, wewe bwana, mtu haanzi na hilo akija kuposa, keti kwanza ule. Akaketi. Amekula keki, akafungua mdomo aseme alichojia, akalala."

"Amelala?"

"Uma mkononi, shavu mezani. Shangazi yako anataka kumwamsha, nimemkataza." Mzee alivuta pumzi. "Yale mavyuma chini ya viatu vyake yanakwaruza sakafu ya mama yako."

"Baba, msimfanyie..."

"Nimemvua," mzee alisema haraka, kama mtu anayeona aibu. "Nimepiga magoti nikamvua viatu. Miguu imevimba yote, Marília. Sijui amefikaje hapa."

Marília alilia bila kujificha, na Bwana Amadeu akachukua baiskeli iliyobaki akaishusha mwenyewe.

"Unanisikia?" baba yake aliuliza.

"Nakusikia, baba."

"Basi njoo umwamshe wewe. Mimi siwezi."