Bakuli Lisiloganda

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, kazi yangu ilikuwa kuvunja barafu kwenye bakuli la maji la mbwa wangu, Burko, kwa kisigino cha buti. Nikirudi jioni maji yameganda tena, na Burko analamba theluji. Iliniuma sana.

Jumamosi moja ya Januari nilimshikia Baba dumu akijaza dawa ya kijani kwenye rejeta ya pikapu.

"Mbona usitie maji tu?" nikamwuliza.

"Thubutu! Maji yakiganda yanavimba, yanapasua injini. Hii ukiichanganya na maji nusu kwa nusu haigandi, hata baridi ishuke nyuzi thelathini chini ya sifuri. Na injini ikipata moto, haichemki upesi kama maji."

Baba alipoingia ndani kunywa chai, nikajiona nina akili kuliko wote nyumbani. Nikajaza bakuli la Burko, nusu maji, nusu dawa. Akalilamba lote huku akitikisa mkia. Sikujua kwamba dawa ile ni tamu.

Saa moja haikupita, kaka yangu Taras akaangua kicheko uani. "Wee Darka, njoo uone! Mbwa wako kalewa chakari!"

Burko alikuwa anapepesuka, miguu ikipishana. Baba akatoka mbio. "Kala nini huyu?"

"Sijui, Baba," nikasema.

Hapo macho yangu yakaenda kwenye mlango wa ghala la ngano. Lyska, mama yake Burko, alipepesuka hivyo hivyo mwaka uliotangulia, akafa. Ardhi ilikuwa imeganda, sururu haikuingia, kwa hiyo Baba alimfunga kwenye gunia akamlaza ghalani kungoja Aprili. Miezi mitatu nilipita pale nikikimbia. Hata baada ya kumzika, nilikuwa nikisikia makucha yakikwaruza mbao kwa ndani.

Nikayasikia tena, mchana kweupe. Nikaogopa mno.

"Ni mimi, Baba! Nimempa dawa ya rejeta ili maji yake yasigande!"

Baba alibadilika rangi. Hakunigombeza. Alimbeba Burko hadi kwenye pikapu, tukaenda mbio kwa daktari wa mifugo mjini.

"Amekunywa lini?" akauliza daktari, Bi Thora.

"Saa mbili zilizopita," nikajibu.

"Afadhali umesema. Hii ni sumu, inaua figo. Kufikia usiku nisingeweza kufanya kitu."

Burko alitundikiwa dripu siku tatu. Siku ya nne alisimama, akaninusa mkono.

Tulipokuwa tunarudi, Baba alisimamisha gari kabla ya kufika nyumbani, mkabala na ghala.

"Darka, mwaka jana niliacha beseni la dawa hii wazi kule karakanani. Lyska akanywa. Nilijua. Nikawaambia ni uzee."

Nikamvuta Burko karibu nami.

"Wewe na mimi tumesema uongo ule ule, mwanangu. Wako ulidumu dakika chache, na Burko yuko hapa. Wangu umedumu mwaka mzima. Ukikosea, sema mara moja, wakati bado kuna cha kuokoa."

Kesho yake nilivunja barafu kwa kisigino, nikamtilia Burko maji matupu. Kisha nikaenda ghalani na Baba. Tukaufungua mlango, tukaingia, mimi na yeye, na sikusikia makucha tena.